Jina la Mpinini na Jina la Bapani

Kisu cha kukunja cha zamani kikimfikia mtu mkononi, macho huenda kwanza mpinini. Hapo pana maandishi: jina la duka, mtaa, namba ya simu, pengine neno moja la kusifu bidhaa. Mtu husoma, kisha hutamka kwa uhakika: "Hawa ndio waliokitengeneza." Mkanganyiko wote unaanzia hapo, kwa sababu waliotajwa mpinini karibu kila mara hawakukitengeneza. Walikiagiza kwa mamia, wakaandikisha jina lao, wakakigawa bure kwa wateja. Aliyekitengeneza ametajwa kwingine. Fungua kisu, utazame pale bapa linapoingia mpinini, kile kipande kifupi kisicho na makali. Kuna mhuri mdogo pale, na mara nyingi hausomeki bila kioo cha kukuzia.

Kisu cha tangazo, basi, ni historia mbili zilizofungwa kwa ribiti moja. Moja ni ya kiwanda, nyingine ni ya duka. Zinatoka miji tofauti, pengine hata nchi tofauti, na kila moja ina namna yake ya kukuambia mwaka. Makosa mengi ninayoyaona kwa wakusanyaji, wapya kwa wakongwe, yanatokana na kuzichanganya kabla ya kuzisoma moja moja.

Kwa nini mfanyabiashara achague kisu? Mwishoni mwa karne ya 19 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, huko Ulaya na Marekani, kisu cha mfukoni kilikuwa kifaa cha kila siku. Karani alichongea penseli na kukwangulia wino ulioandikwa vibaya, mkulima alikatia kamba ya gunia, fundi alimenyea waya. Kalenda ya ukutani humaliza kazi yake Desemba. Kisu kilikaa mfukoni miaka na miaka, na kila kilipotolewa, jina la duka lilitoka nacho. Waligawa wenye viwanda vya bia, wauza mbegu na malisho ya mifugo, wauza viatu, mabenki, mawakala wa bima, hata wazishi. Nikiona visu vitano vya mji mmoja, vyote vya wauza mbegu na malisho, nimeshaanza kujua mji ule ulikuwa ukiishi kwa kazi gani, kabla sijafungua kitabu chochote.

Mfano maarufu ni wa Adolphus Busch, mkuu wa kiwanda cha bia cha Anheuser-Busch cha St. Louis, Marekani, aliyefariki mwaka 1913. Badala ya kadi ya jina, aligawa visu vya kukunja vyenye nembo ya kampuni na kizibuo cha chupa, na mpinini palikuwa na tundu dogo mno. Ukisogeza jicho kwenye tundu lile na kukielekeza kisu kwenye mwanga, unamwona Busch mwenyewe anakutazama. Ndani ya tundu kuna kijiti cha kioo: ncha moja imeviringwa ikawa lenzi, na kwenye ncha ya pili imegandishwa picha ndogo kuliko kichwa cha pini. Ufundi huo uliwekewa hataza na Mfaransa René Dagron mwaka 1859. Sasa geuza kisu kama hicho utazame bapa lake. Vingi vya aina hiyo vilitengenezwa Ujerumani. Bia ni ya St. Louis, chuma ni cha ng'ambo, na picha iliyomo ndani ni ufundi wa Paris.

Kati ya kiwanda na duka mara nyingi alikuwepo mtu wa tatu, na huyu ndiye anayewapoteza wengi. Duka dogo la mjini halikuwaandikia barua watengenezaji wa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani. Lilitembelewa na wakala mwenye sanduku la sampuli: kalamu, kalenda, vioo vya mfukoni, visu. Brown & Bigelow ya St. Paul, Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1896 na kujulikana zaidi kwa kalenda, ilikuwa moja ya kampuni kubwa za biashara hiyo, na vipo visu vyenye jina lake kwenye bapa ingawa vilifuliwa na viwanda vingine. Adolph Kastor wa New York naye alikuwa mwagizaji wa visu vya Kijerumani. Marekani ilipopandisha ushuru wa forodha kwa sheria ya mwaka 1897, biashara ya kuagiza ikawa ngumu, na mwaka 1902 akanunua kiwanda katika kijiji cha Camillus, jimbo la New York. Hata bapa, basi, linaweza kubeba jina la mwagizaji au la wakala. Ukikuta jina humo, jiulize kwanza: huyu alikuwa na tanuri, au alikuwa na ofisi tu?

Saa za bapa

Mhuri wa bapa una faida moja kubwa: ulibanwa na sheria, na sheria zina tarehe.

Ya kwanza ni ya Uingereza, ya mwaka 1887, kuhusu alama za bidhaa. Mafundi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, walikuwa wamechoka kuona visu vya nje vinauzwa kana kwamba ni vyao, na sheria ile ikadai bidhaa ya kigeni yenye alama ya kumfanya mnunuzi adhani ni ya Kiingereza itaje ilikotoka. Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Kuanzia tarehe 1 Machi 1891, bidhaa iliyoingia nchini humo ilipaswa kuonyesha nchi yake kwa Kiingereza. Kwa hiyo kisu kilichoandikwa mpinini jina la duka la Marekani, na kwenye bapa neno GERMANY, karibu hakika ni cha baada ya tarehe hiyo. Kinyume chake hakithibitishi kitu kwa urahisi. Kisu kisicho na jina la nchi kinaweza kuwa cha kabla ya 1891, kinaweza kuwa kilitengenezwa Marekani kwenyewe, au kilitengenezwa kwa soko lingine ambalo sheria hiyo haikulihusu. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa sababu ya neno ambalo halipo, na hilo hunisikitisha.

Solingen inastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa visu vingi vya matangazo vilitoka huko. Mji tunaouita Solingen leo ulizaliwa tarehe 1 Agosti 1929, ilipounganishwa miji mitano: Solingen yenyewe, Ohligs, Wald, Höhscheid na Gräfrath. Kabla ya hapo, mtengenezaji wa Ohligs aliweza kuandika Ohligs na wa Wald akaandika Wald, kwa fahari. Ukiyakuta majina hayo kwenye bapa, una sababu nzuri ya kukielekeza kisu nyuma ya 1929, ila acha nafasi kidogo, kwa kuwa mhuri mzuri wa chuma hautupwi siku mipaka inapobadilishwa. Mwaka 1938 jina Solingen lenyewe likalindwa kwa sheria, lisitumiwe na wasiotengeneza huko. Baada ya vita kuu ya pili vipo visu vya Kijerumani vilivyotaja ukanda uliokaliwa na Marekani katika Ujerumani, navyo ni vya miaka michache tu kabla ya 1949. Maneno WEST GERMANY hayawezi kutangulia 1949, kwa kuwa nchi hiyo haikuwepo, wala hayana maana baada ya 1990.

Chuma nacho kinasema. Chuma kisichoshika kutu kinahusishwa na Harry Brearley wa Sheffield, mwaka 1913, na kilichukua muda kuingia katika visu vya mfukoni vya kawaida. Ukiona STAINLESS, au ROSTFREI ya Wajerumani, au INOX ya Wafaransa, sahau karne ya 19. Na ukiona mpini ambao ni bati jembamba lililokunjwa juu ya mwili wa kisu kama ganda, ujue uko katika dunia ya visu vya bei nafuu vya karne ya 20, kama vile vya Imperial na Colonial, kampuni mbili za Providence, Rhode Island. Vya namna hiyo wakusanyaji wengi huvidharau. Mimi navipenda, kwa sababu ndivyo vilivyofika kwa maduka madogo kabisa, yale ambayo pengine hayakuacha alama nyingine yoyote.

Saa za mpini

Mpini haukubanwa na sheria. Mwenye duka aliandika alichotaka, na humo humo mna tarehe ambazo yeye mwenyewe hakujua anaziandika.

Anza na simu. Namba ya tarakimu mbili au tatu ni ya wakati ambapo mpokeaji simu wa mjini aliunganisha watu kwa mkono. Kila mji ulibadilika kwa wakati wake, kwa hiyo namba fupi peke yake haikupi mwaka. Inakutuma ukatafute kitabu cha simu cha mji ule. Anwani ya posta husema kwa uwazi zaidi. Namba ya ukanda baada ya jina la jiji kubwa la Marekani, mfano "Chicago 6", ni ya kuanzia 1943. Namba ya tarakimu tano pamoja na herufi mbili za jimbo ni ya kuanzia 1963. Ujerumani ilianza na tarakimu mbili mwaka 1941, Ujerumani Magharibi ikaingia nne mwaka 1961, na nchi nzima ikahamia tano mwaka 1993.

Bia ina saa yake. Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, na majimbo kadhaa yalikuwa yametangulia. Kisu cha kiwanda kidogo cha bia ambacho hakikufufuka baada ya marufuku karibu hakika ni cha kabla yake.

Mtego mmoja wa mpini ni mwaka wa kuanzishwa. Mpini ukisema biashara ilianza 1878, huo ni umri wa duka, si wa kisu. Kisu chenyewe huenda kilitolewa kusherehekea miaka 50 ya duka hilo. Mtego wa pili ni namba ya nyumba. Miji hubadilisha namba za mitaa. Chicago ilipanga upya namba zake mwaka 1909, na anayetafuta anwani ya kisu cha kabla ya hapo kwenye ramani ya leo atasimama mbele ya jengo lisilohusika. Mtego wa tatu ni mji usiotajwa jimbo. Marekani kuna Springfield nyingi. Mwenye duka hakuandika jimbo kwa sababu wateja wake wote walijua walipo, na hilo lenyewe linakuambia hakuwa akiuza mbali.

Kukutanisha saa

Tuseme una mpini mweupe wa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, wenye jina la muuza malisho wa mji mdogo wa Marekani, "na Mwanawe", simu namba 47. Bapani pameandikwa OHLIGS na GERMANY. Bapa linasema: si kabla ya 1891, na inaelekea si mbali baada ya 1929. Hiyo ni karibu miaka 40, nafasi pana mno. Unakwenda kwenye vitabu vya anwani vya mji, vile vilivyochapishwa kuorodhesha wakazi, kazi zao na mahali walipo, toleo baada ya toleo. Unakuta baba peke yake hadi 1904, mwana anaingia 1905, na kufikia 1917 duka halipo tena. Nafasi imebana ikawa miaka 12. Halafu unakumbuka kwamba vita vilianza 1914, na meli za Uingereza zikaizuia Ujerumani kufanya biashara ya ng'ambo. Kisu kikaelekea miaka 1905 hadi 1914, ukimwachia mwagizaji aliyekuwa bado na shehena ghalani.

Angalia kilichotokea: kiwanda kilitoa ukuta wa nyuma, duka likaukaza, na mwisho vita vikafunga upande wa mbele. Hakuna kimojawapo ambacho kingetosha. Ndiyo sababu nasisitiza kila kitu kiandikwe kwa namna ya "si kabla ya" na "si baada ya". Anayekurupukia mwaka mmoja mapema huanza kuupindisha kila ushahidi umfuate.

Ukishapata jina na mtaa, raha ya kazi hii ndiyo inaanza. Kwa miji ya Marekani kuna ramani za Sanborn, zilizochorwa kuanzia 1867 kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi mtandaoni. Zinaonyesha kila jengo na lilivyojengwa: waridi ni matofali, manjano ni mbao. Unaweza kuona kwamba muuza malisho wako alikuwa kwenye banda la mbao kando ya reli, na unaelewa papo hapo magunia yalifikaje. Uingereza ina vitabu vya Kelly's, Ujerumani ina vitabu vyake vya anwani vya miji. Magazeti ya zamani hukupa matangazo mengine ya duka lile lile, habari za moto, mnada wa kufilisiwa, tanzia ya mwenye mali. Katika tanzia ndipo mara nyingi utajua kwamba "Mwanawe" alikuwa nani na alikwenda wapi.

Visu vya mpini unaopenya mwanga hukupa zaidi. Vilitengenezwa hasa na kampuni za Canton, Ohio, kama Novelty Cutlery na Canton Cutlery, na baadaye Aerial ya Marinette, Wisconsin. Chini ya seluloidi angavu waliweka picha: jengo la duka, sura ya mwenyewe, alama ya chama chake, wakati mwingine jina na anwani ya aliyekibeba. Nikishika kisu kama hicho chenye sura ya mtu aliyenyoosha tai yake kwa ajili ya mpiga picha, huwa nakiweka chini taratibu.

Kabla ya kutafuta, soma sawasawa. Kuna kisu nilichokisomea namba ya nyumba 813 kwa miezi kadhaa, nikapekua vitabu nisiambulie kitu. Usiku mmoja nikazima taa, nikalaza tochi mezani mwanga ukapita sambamba na mpini. Vivuli vikajaa kwenye michirizo, na ile 3 ikafunga upande wake ikawa 8. Kwenye 818 duka lilikuwepo, na jirani yake alikuwa mshona viatu. Mwanga wa ubavuni, picha ya simu iliyokolezwa weusi na weupe, na subira. Usikwangue, usisugue kwa dawa ya kung'arishia. Maandishi yaliyochorwa kwa asidi kwenye bapa ni membamba mno, na mkono mmoja wa kung'arisha unaweza kufuta jina ambalo lilihimili miaka mia. Kutu nyepesi ipake mafuta mepesi, uiache ilainike, uifute kwa kitambaa.

Seluloidi inataka uangalifu wa pekee. Ilianza kuwekewa hataza Marekani na ndugu wa Hyatt mwaka 1870, na imetokana na nitrati ya selulosi na kafuri. Ikizeeka huanza kujila. Hutoa gesi za oksidi za nitrojeni ambazo zikikutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi hiyo hula chuma. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: bapa limeshika kutu pale tu linapolala karibu na mpini, shaba imeota ukijani, mpini unatoa jasho au nyufa kama za tope lililokauka, na harufu ya kafuri imekuwa kali. Mipini angavu huugua upesi kuliko ile isiyopenya mwanga. Kisu kimoja kilichoanza kuoza huweza kuharibu sanduku zima. Kitenge peke yake mahali penye hewa, pasipo joto, wala usikifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana utakuwa umeifungia asidi pamoja nacho. Na kumbuka seluloidi hushika moto haraka sana.

Kuhusu bandia nitasema kwa ufupi. Jina likiwa kubwa, shuku. Soko lina visu vingi vyenye jina la Coca-Cola vilivyotengenezwa miongo mingi baada ya wakati vinaojidai kutoka. Tazama mpangilio wa uchakavu: maandishi yakipita juu ya mikwaruzo, yalikuja baada ya mikwaruzo. Mpini uliosagika ukiwa na bapa ambalo halijawahi kunolewa ni jambo la kuulizwa. Duka dogo la malisho la mji usiojulikana halina wa kulighushi, kwa kuwa hakuna faida, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwapenda wadogo.

Swali moja huulizwi na kitabu chochote, nalo lazima uliulize siku ya kununua: kilipatikana wapi? Droo ya nani, mji gani, pamoja na vitu gani? Kisu kilichokutwa maili chache kutoka duka lililotajwa mpinini, ndani ya koti la mkulima, kimebeba ushahidi ambao kikishauzwa mara mbili hautarudi. Mimi huandika jibu kwa penseli kwenye kikaratasi, mahali na tarehe, kisha chini yake nagawa mistari mitatu: ninachokiona, nilichokithibitisha, ninachokikisia. Mstari wa tatu ndio hubadilika. Kikaratasi hukaa kando ya kisu, kisiguse mpini, na nakala yake pamoja na picha naituma kwenye jumba la makumbusho au maktaba ya mji ule. Mara mbili wamenijibu kwamba hawakuwa na kitu kingine chochote cha duka hilo.